Mkunga Aliyeuita Uchungu Mgeni

Nilipoambiwa kliniki kwamba mimba yangu ya pili nayo imepitiliza, na kwamba Jumatatu niende nikaanzishiwe uchungu, nilifanya mambo mawili. Kwanza nilicheka kwa furaha, kwa sababu ukishabeba tumbo wiki arobaini na moja, kupangiwa siku ya kulitua ni habari njema, jamani! Pili nilimpigia simu mama yangu kule Mgeta, nikamwambia, "Mama, ni Jumatatu. Uje."

Mama akasema, "Mimi na hospitali basi, mwanangu. Nitamsubiri mtoto nyumbani. Kule ndani nitakuletea mkosi." Akakata simu.

Furaha yangu ikaingia doa. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na binti anapojifungua, anayesimama naye ni mama yake mzazi. Mume wangu ni mtu mwema, lakini yupo kiwandani Mzinga, kazi ya zamu, na akiona sindano tu jasho linamtoka. Nilimtaka mama yangu, nasema wazi. Nilijua kwa nini amekataa, maana ilitokana na siku niliyomzaa binti yangu, miaka kumi iliyopita. Na siku ile siwezi kuisimulia bila kumsimulia kwanza Mkunga.

Jina analo, lakini pale hospitalini hakuna aliyelitumia. Madaktari walimwita Mkunga, wafagiaji walimwita Mkunga, na siku moja nilimsikia hata paroko akimwita hivyo mbele ya waumini. Alikuwa mfupi, mwenye mwendo wa mtu anayewahi kuepua sufuria jikoni. Ungemsikia kabla hujamwona. Wale wa vitanda vya mwisho katika wodi ya wazazi walikuwa wanavuta khanga na kujiweka sawa akiwa bado kwenye korido, anagombana na mtu kuhusu mashuka.

Mdomo ule! Nilipokwenda kliniki mara ya kwanza, msichana mwenye mimba changa na woga wa kutosha, aliitazama kadi yangu akasoma kwamba mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. "Aha, mwalimu," akasema mbele ya watu wote, "tarehe ya kuja ilikuwa wiki iliyopita. Mwanafunzi wako akichelewa wiki nzima unamfanyaje?" Benchi zima likacheka. Nikatamani ardhi ipasuke. Lakini aliponilaza kunipima, mikono yake ilikuwa na taratibu nyingine kabisa. Aliisugua kwanza ipate joto, akaniambia anachofanya kabla hajakifanya, na alipoliweka lile tarumbeta dogo la kusikilizia tumboni, akafumba macho, akatabasamu peke yake. "Yupo," akasema. "Anakimbia huyo kama ana mkutano." Nilitoka pale nikiwa nampenda na kumwogopa kwa kiasi kilekile.

Watu wengi hawakumwelewa kwa sababu ya kelele zake. Mimi nilichukua muda kugundua kwamba alikuwa anawapigia kelele wenye nguvu tu. Mama aliyefika amechoka, aliyetoka mbali Turiani na miguu imevimba, huyo aliongeleshwa kwa sauti ya chini. Mume aliyekuja amevaa miwani ya jua, akauliza kwa nini mkewe anacheleweshwa, huyo alipata habari yake. Mume wangu mwenyewe alitumwa kununua glovu, akarudi, akatumwa kununua pamba, akarudi, akatumwa kujaza maji kwenye beseni. Baadaye nilimuuliza Mkunga kama vile vitu vilihitajika kweli. "Glovu zilihitajika," akasema. "Yale mengine yalikuwa ya kumtibu yeye."

Uchungu wa uzazi aliuita mgeni. Hilo lilikuwa lake peke yake, sijalisikia kwa nesi mwingine. Angesimama pembeni ya kitanda, mkono juu ya tumbo lako, macho kwenye saa ya ukutani, akuulize, "Mgeni amefika? Haya, mkaribishe. Usimfungie mlango. Vuta pumzi... Anaaga huyo, anaaga... Amekwenda." Kisha anaandika kwenye chati. Kina mama waliozaa mikononi mwake bado wanazungumza hivyo. Nimewasikia sokoni wakiulizana, "Wewe wageni wako walianza saa ngapi?" Wauza karoti wanabaki wameduwaa.

Alikuwa na vituko. Mtu huyu asiyetishwa na damu wala kilio, aliyewahi kuzalisha mama ndani ya bajaji kwenye geti la hospitali huku dereva akizimia juu ya usukani, alikuwa anaogopa vyura. Masika, chura akijitokeza bafuni wodini, kazi ilisimama mpaka mtu amtoe. Aliimba kwaya, sauti ya pili, na hakuwahi kuipata hiyo sauti ya pili hata Jumapili moja, lakini hakuna mwalimu wa kwaya aliyethubutu kumwambia kwa sababu wake zao wote walipita kwake. Alihubiri asubuhi mpaka jioni kwamba mama ale, mama anywe, mama apumzike, na chai yake mwenyewe ilipoa kila siku juu ya kabati la dawa mpaka ikawekewa kifuniko cha daftari.

Na alikuwa Mluguru hasa. Alilelewa na bibi yake huko milimani, na bibi huyo alikuwa mkunga wa jadi, mjuzi wa mizizi. Mkunga hakulificha hilo. "Nilichimba mizizi kabla sijajua kusoma," alituambia siku moja kliniki, alipokuwa anatufundisha kuhusu dawa za kienyeji za kuongeza uchungu. "Bibi yangu aliokoa wengi. Wengine alishindwa. Mimi nawajua wote." Akatukataza mizizi hiyo katakata, lakini bibi yake hakumtukana hata kidogo. Mama yeyote wa Kiluguru aliyeingia wodini, kitu cha kwanza alimuuliza ukoo. Akikuta ni ukoo wake, basi hapo hapo undugu umeanza, na heshima zote zinafuata. Binti anakuwa mdogo wake, mama wa binti anakuwa mama yake mdogo. Uniform au hakuna uniform.

Sasa nirudi siku ile.

Nilikuwa nimepitiliza siku kumi. Nililazwa mchana, daktari akanieleza kwa utulivu kwamba mtoto yuko salama lakini si vizuri aendelee kukaa, akaniwekea mpira mwembamba wenye puto la maji la kusaidia njia ifunguke. Asubuhi yake puto likatoka lenyewe, na njia ilikuwa imefikia sentimita tatu. Nilifurahi kama nimefaulu mtihani! Mkunga akaja na chupa ya dripu, akasema, "Leo, mwalimu, tunawaalika wageni kwa barua rasmi."

Wakati anaitundika, mama yangu akaingia. Alikuwa ameshuka kutoka Mgeta na gari la mboga la alfajiri, amejifunga khanga mbili, mkononi kikapu. Ndani ya kikapu kulikuwa na uji, maandazi, na chini kabisa, chupa ya chai iliyofungwa kitambaa. Mkunga akamsalimia kwa Kiluguru. Wakaulizana ukoo. Ukawa mmoja! Mkunga akaweka chini alichokishika, akapiga goti pale pale sakafuni, akamwamkia mama yangu upya kama mtoto anayemwamkia mama yake. Mama akacheka kwa furaha. Nikaona macho ya Mkunga yakishuka kwenye kile kikapu, yakakaa pale kidogo, yakaondoka. Kisha akafungua dripu, akahesabu matone, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Hapo ndipo mama alipotoa ile chupa. "Kidogo tu," akanong'ona. "Wewe nilikuzaa kwa hii. Saba wote niliwazaa kwa hii." Ilikuwa chungu, ina harufu ya udongo uliolowa mvua. Nilikunywa kikombe kizima. Na hapa nitasema jambo ambalo kwa miaka kumi sikumwambia mtu, hata mume wangu: kikombe cha pili, kile cha nusu, mama hakunipa. Nilikiomba mwenyewe. Niliona dripu inavuta kutoka juu na mizizi itasukuma kutoka ndani, basi mchana nitakuwa nimemshika mwanangu. Mwalimu mzima, niliyekaa kwenye yale mafunzo kliniki!

Haikupita saa moja. Wageni hawakuja mmoja mmoja, walivunja mlango. Tumbo lilikaza, likakataa kuachia. Sikuwa na nafasi ya kuvuta pumzi kati ya mmoja na mwingine. Mkunga alikuwa vitanda viwili mbali, akasikia sauti yangu imebadilika, akaja anakimbia. Mkono mmoja tumboni, mkono mwingine ukafunga dripu. Akanigeuza ubavu wa kushoto, akaweka tarumbeta lake, akafumba macho. Safari hii hakutabasamu.

"Mwite daktari," akamwambia nesi mwenzake. "Mwambie mapigo yameshuka. Chumba cha upasuaji wajiandae." Kisha akainama usoni kwangu. "Umekunywa nini?"

"Uji tu," nikasema.

Mama alikuwa anatazama dirishani. Mkunga hakumtazama. Aliniinamia zaidi, akasogeza pua karibu na mdomo wangu, na nikaona anaijua harufu ile. Nilisubiri anipigie kelele. Badala yake alizungumza kwa ile sauti ya chini ya watu waliotoka mbali.

"Mwalimu, siulizi ili nikugombeze. Daktari anakuja sasa hivi na anaamua kuhusu mwanao. Akiamua bila kujua ukweli, ataamua vibaya. Umekunywa vikombe vingapi?"

"Kimoja na nusu," nikasema, nikaanza kulia.

Daktari alipofika, Mkunga akamweleza kila kitu kwa maneno machache, bila kulalamika na bila kumtaja mtu. Walinipa maji ya mshipani na sindano ya kulegeza tumbo. Nilisaini karatasi ya upasuaji, mwandiko wangu ukawa kama wa mtoto wa darasa la kwanza. Mkunga hakuondoa lile tarumbeta. Alikuwa anahesabu kwa midomo, na mimi nilikuwa natazama ile midomo tu, sikuwa na kitu kingine duniani cha kutazama. Tisini. Tisini na nne. Tumbo likaanza kulegea. Mia moja na kumi. "Subirini kidogo, daktari," akasema. Mia moja na ishirini na tano. Mia moja na thelathini! Akafumbua macho. "Amerudi," akasema. "Mbio zake zilezile."

Daktari naye akasikiliza, akatikisa kichwa kukubali, akasema tusubiri huku machela ikiwa tayari. Dripu haikufunguliwa tena. Haikuhitajika. Saa nane mchana, jua limejaa kwenye dirisha lile, nilisukuma, Mkunga akipiga kelele zake zote kana kwamba timu yake inakaribia kufunga, "Njoo naye! Njoo naye, mwalimu! Hivyo hivyo! Nywele hizo nazionaaa!" na binti yangu akatoka akiwa amekasirika, mzima, kilo tatu na robo, analia kuliko Mkunga mwenyewe. Aliwekwa kifuani kwangu akiwa bado na utelezi na joto. Sijawahi kufurahi vile, sijui kama nitafurahi vile tena. Nilicheka na kulia na kumwita majina kumi ambayo hakuna hata moja tulilompa.

Nikageuka nimwonyeshe mama. Hakuwapo.

Alikuwa ametoka wakati tumbo langu linakaza. Katika korido nesi mmoja kijana, bila kuangalia nani anapita, alimwambia mwenzake, "Bibi wa kitanda cha nne ametaka kumuua mjukuu wake." Mama aliyasikia. Mume wangu alimkuta ameketi kwenye mabomba ya maji nje, kikapu mapajani, ile chupa ameimwaga yote. Alimlea binti yangu siku arobaini, alinikanda, alinipikia, hakupungukiwa na chochote. Lakini kwenye hospitali hakukanyaga tena, hata alipougua malaria mwenyewe tulimbembeleza siku mbili, akakataa. Na mimi niliyeomba kikombe cha pili nilinyamaza, nikamwacha abebe peke yake.

Mkunga nilimwona mara nyingi baada ya hapo. Kanisani, sokoni Jumamosi, mara moja hata kituo cha treni Kingolwira, akimsindikiza shemeji yake, mfuko wa nyanya kichwani. Kila mara swali la kwanza lilikuwa, "Mwanangu hajambo?" akimaanisha binti yangu. Kisha anauliza, "Na mama yetu?" Mimi ningejibu mama hajambo, naye angenitazama kama mtu mwenye neno la kuongeza, halafu angeanza kumsimanga muuza kabichi. Miaka miwili iliyopita alistaafu. Wodi walimfanyia sherehe, na naambiwa alikosoa ukataji wa keki.

Basi Jumamosi ile, mama akiwa ameshakataa, niliamua kwenda kwake. Anaishi Bigwa, chini ya mlima, nyumba yenye bustani ya mchicha. Nilipanda kale kanjia polepole, tumbo mbele, kwa raha na wasiwasi. Aliponiona akatupa ndoo ya kumwagilia.

"Ee! Huyu naye amepitiliza! Nyie ukoo wetu watoto wenu hawana haraka kabisa." Alinizunguka, akanitazama kutoka ubavuni, akaweka viganja vyake tumboni juu ya gauni. "Kichwa chini. Safi. Lini?"

"Jumatatu. Shikamoo, Mkunga."

"Marahaba. Nani atakuwa nawe?"

Nikamwambia. Nikamwambia mama amekataa, na kwa nini, na yale maneno ya korido. Hayo ya korido hakuwa ameyajua, nikaona uso wake umebadilika. Kisha, sijui ni harufu ya ule mchicha uliolowa au ni uzito wa miezi ile, nikamwambia na kile kikombe cha pili.

Alikaa kwenye jiwe la kufulia.

"Mwalimu," akasema, "mimi nilikiona kile kikapu. Niliona shingo ya chupa imefungwa kitambaa, na kwetu kitambaa kile hakifungwi kwa sababu ya chai ya rangi. Nilijua. Kazi yangu ilikuwa kuuliza kabla sijafungua dripu, na ningeuliza, kama angekuwa mama wa mtu yeyote mwingine. Lakini nilikuwa nimeshampigia goti. Nikaona haya kumpekua mama yangu mdogo mbele ya wodi. Nikajidanganya kwamba labda ni uji. Heshima ile ingemmaliza mwanao." Akajipangusa macho kwa nyuma ya mkono. "Nilimwambia daktari siku ileile, akanigomba, nikastahili. Mama yako ndiye sikumwambia. Kila nikikuona sokoni nasema leo nitasema, sisemi."

Miaka kumi tulikuwa watatu kwenye kosa moja, na aliyeadhibiwa ni mmoja!

"Nipe simu," akasema.

"Sasa hivi?"

"Unangoja nini, uchungu?"

Nikapiga, nikaweka sauti ya nje. Iliita muda mrefu, nikajua mama yupo shambani kwenye njegere, anafuta mikono. Alipopokea, Mkunga alisimama wima kwenye ile bustani kama yuko mbele ya mtu.

"Shikamoo, mama. Ni mimi, mwanao, yule mkunga wa siku ile."

"Marahaba," mama akaitikia.

Akamweleza. Hakupunguza kitu wala hakujitetea. Alisema aliona, alisema alijua, alisema aliona haya, alisema, "Nisamehe, mama. Ningekuuliza ungeniambia." Nami nikaichukua simu kabla roho haijarudi nyuma, nikasema, "Na kikombe cha pili niliomba mimi, mama. Unakumbuka niliomba mimi. Sikuwaambia watu. Nisamehe na mimi."

Nikatazama kioo nikidhani mtandao umekatika, maana Mgeta unakatika ovyo. Sekunde zilikuwa zinahesabika. Nikasikia upepo wa kule juu, nikasikia mama anavuta kamasi.

Mkunga akasogeza mdomo kwenye simu. "Mama, binti yako anaingia Jumatatu saa moja asubuhi. Nimestaafu, lakini nitakuwa nje kwenye benchi, na nataka kukaa na wewe. Utakuja?"

"Jumatatu mbali," mama akasema. "Mimi nashuka leo."